Ng'ombe Aliyeandikwa Mjane

Mwaka jana tulikutana tena Bariadi, sisi tuliobaki wa darasa la Mwalimu Zena, katika hoteli mpya iliyoko njia ya kwenda Lamadi. Deus ndiye aliyetuita. Siku zile alikuwa kijana mwembamba aliyeandika hadithi za majini wenye wivu. Sasa ni ofisa wa halmashauri na kitambi chake kinamtangulia mezani. Aliagiza mbuzi choma na ndizi za kukaanga, akatuombea chakula kwa sala ndefu kuliko chakula chenyewe, na tulipofika kwenye kutafuna mifupa akanigeukia. "Vero, tumeshazeeka sasa, hatuna cha kuibiana. Tuambie ukweli. Yule ng'ombe wa hadithi yako ulimtoa wapi?" Wote wakaacha mifupa yao wakanitazama. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi, na waandishi wa magazeti, na mchungaji mmoja aliyetaka kuniombea, lakini hawa walikuwa watu wa kwetu, waliokulia karibu na mazizi kama mimi, na baba yangu ameshalala kaburini kijijini kwetu Sapiwi, hakuna tena wa kumlinda wala wa kunilinda. Nikafuta vidole, nikajigonga paji la uso, nikasema, "Humu tu." Wakacheka, wakanipigia makofi. Nilimaliza nyama yangu kwa sababu ilikuwa imeshalipiwa, lakini uso ulikuwa unaniwaka mpaka tulipoagana. Mimi ni mwalimu pia. Ile methali ya mkataa kwao ni mtumwa nimeisahihisha kwenye karatasi za watoto wengi, na kila nikiikuta natia vema haraka haraka nipite.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kutangaza, na nilikuwa nakaa mjini kwa Shangazi Kwandu, dada wa baba. Bariadi ilikuwa bado inahesabiwa mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Shangazi alipanga vyumba viwili nyuma ya soko. Cha mbele kilikuwa mgahawa: benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki ambacho maua yake yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa, na jiko la mkaa mlangoni. Cha nyuma tulilala sisi wawili pamoja na magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ambavyo asubuhi tulivichemsha na karanga kuwauzia wapakiaji wa pamba. Vyumba hivyo vilitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu, kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa mgahawani: bei ya pamba, nani kaoa, nani kalogwa. Mambo ya kulogwa yalisemwa kwa sauti ileile ya bei ya pamba. Na mimi, mchana kutwa nikiwa nimeegemea gunia, nilikuwa naandika hadithi yangu ya kwanza, kuhusu mji wa vioo kwenye sayari ya mbali, na niliwaona wale walaji wananipigia kelele. Leo ningelipa nauli kwenda kuwasikiliza.

Mwalimu Zena alikuwa mwanamke wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuja kwetu kumfuata mumewe, mhandisi wa barabara. Alipoona atakufa kwa upweke akamwomba padri ukumbi wa parokia kila Jumamosi, awafundishe vijana kuandika hadithi za ajabu. Padri alikubali kwa sharti kwamba benchi zirudishwe mahali pake kabla ya misa. Wengine tulikwenda kwa ajili ya hadithi, wengine kwa ajili ya chai yake ya tangawizi na visheti, na nisiwe mnafiki, kwa miezi ya kwanza mimi nilikuwa kundi la visheti. Kiswahili chake kilituaibisha. Chetu tulikichota shuleni na kukibeba juu ya Kisukuma cha nyumbani, kikifika mdomoni kimeshamwagika nusu. Hakutucheka hata siku moja kwa hilo. Alitucheka kwa mengine. Nilipomsomea sayari yangu, na theluji yake na magari yarukayo na mabwana wenye majina ya Kizungu, alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe, kisha akauliza, "Wanakula nini huko?" Sikujua. "Na choo chao kiko wapi?" Darasa likaangua kicheko, na Deus akaanguka kabisa kutoka kwenye benchi. "Mwanangu Vero," akasema Mwalimu, "mtu asiyekula hawezi kunishangaza. Ajabu iwe moja tu. Yaliyobaki yote yawe kama jikoni kwenu. Na wewe mwandishi usishangae. Ukishangaa wewe, msomaji atabaki na kazi gani?" Nilirudi nyumbani nimechukia, nikawaza: jikoni kwetu, jikoni kwetu, kuna nini jikoni kwetu?

Kwetu tulikuwa na bibi zizini. Naliandika sasa kirahisi, ila nilichelewa sana kujua kwamba si kila mtu anaye. Mama yake baba, aliyeitwa Minza, alipofariki, mambo ya nyumbani yalikwenda kombo, watoto wakaugua mmoja baada ya mwingine, na mganga akasema marehemu hana pa kukaa. Akatengewa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, naye mtamba akapewa jina lake, akanyunyiziwa maji yenye unga wa mtama. Tangu siku hiyo mtamba yule hakuwa mali tena. Hakuuzwa, hakuchinjwa, hakuchapwa fimbo, na alipozeeka akaacha kuzaa hakuna aliyemtazama kwa jicho la bucha. Kila asubuhi baba alivua kofia mlangoni mwa zizi akamwamkia, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje mama, nasi watoto tukafuata nyuma yake. Mimi ndiye niliyerithi jina. Shuleni nilikuwa Veronika, nyumbani nilikuwa Minza, kwa hiyo yule ng'ombe alikuwa wajina wangu, na kaka zangu walinitania kwamba nikichelewa kuolewa nitafungiwa zizini nikamuliwe. Sikuona ajabu yoyote. Kwangu ajabu ilikuwa theluji.

Aibu niliipatia palepale nyuma ya zile mbao. Shangazi alikuwa ameokoka, na mchana mmoja, wateja wameondoka, alikuwa anachambua choroko na rafiki yake wa kwaya. Nilisikia anasema, "Kaka yangu mpaka leo anaamkia ng'ombe. Anamwita mama! Mama yetu yule, niliyemwogesha mimi kwa mikono hii." Mwenzake alicheka mpaka akapaliwa. "Hee, Kwandu, usiseme kwa watu. Watasema na ninyi ni wale wa kule." Mtu wa Bariadi haulizi kule ni wapi. Kuna kijiji chetu kimoja ambacho nchi nzima inakitania kwa uchawi, na ukifika tu Mwanza ukataja unakotoka, watu wanajifanya kusogea mbali nawe. Nilikuwa na kiazi mdomoni. Nikaacha kutafuna ili wasijue nimo ndani, nikakaa hivyo mpaka walipomaliza choroko zao, na nilipoinuka nilikuwa namwona baba yangu kwa macho ya yule mwanakwaya. Jumamosi iliyofuata nikamwandika ng'ombe. Watu hudhani niliandika kwa kumpenda. Niliandika kwa sababu nilifikiri nikishaliita jambo lile la kubuni, halitakuwa letu tena.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ni zama zijazo, serikali imeamua kila ng'ombe avalishwe hereni sikioni na kusomwa kwa mashine. Ofisa anafika kwenye mji wa mfugaji mmoja, anasoma maksai, anasoma mitamba, mashine inaandika umri na uzito, kazi inakwenda. Anafika kwa ng'ombe mzee mwekundu. Mashine inaandika: Minza. Mwanamke. Mjane. Ofisa anaipiga kofi mashine, anajaribu tena, na safari hii inaongeza: Watoto saba, hajasajiliwa kupiga kura. Mwenye mji hashangai. Anamwambia tu ofisa avue kofia kwanza, kisha aulize maswali yake kwa adabu. Siku hizi hereni zimekuja kweli, na wapo wanaoniita nabii, wakati mimi nilijua tu kwamba serikali hupenda kuhesabu. Mashine niliibuni mwenyewe, hiyo sioni haya kuidai. Lakini Mwalimu Zena hakusifu mashine. Alisoma habari za yule mwenye mji, akairudia ile sehemu ya kofia, akaniangalia kwa muda. "Utulivu huu umeupata wapi? Huyu mzee hashangai hata kidogo." Nikajibu, "Si ulitufundisha wewe, Mwalimu?" Wenzangu wakasema Vero ana ubunifu. Nikainamisha kichwa kama msichana mnyenyekevu. Yule mzee alikuwa baba yangu neno kwa neno, na sikuwa nimeongeza hata chumvi.

Pamba ilipoanza kupasuka Mwalimu alitujia na habari. Kulikuwa na nyumba ya uchapishaji Dar es Salaam iliyotaka kumchukua kijana mmoja, akae huko mwaka mzima, afundishwe kazi, arudie pia masomo yake. Wangekuja wawili kutusikiliza tukisoma mbele ya watu. Wenzangu walifurahi kama watu wanaosikia habari za bahati nasibu. Kwangu haikuwa bahati nasibu. Matokeo yangu yalikuwa yamefunga kila mlango isipokuwa wa kuolewa, na huo nao ulikuwa umeshabishwa hodi: ukoo mmoja wa Ipililo ulikuwa umetuma watu, ng'ombe wao wa mahari wanatajwa, na mama alishaanza kuniangalia kama mgeni. Nikichaguliwa, ningekwenda Dar. Nisipochaguliwa, ningekwenda Ipililo. Kisha Mwalimu akaongeza, bila kumtazama yeyote, "Mmoja wao ni mkali. Amechoka na vijana wanaochukua mila na ngano za bibi zao wakaziita zao. Anataka kazi ya kubuni. Akigundua si ya kubuni, anafunga karatasi." Akasema pia tuwaalike wazazi. Mimi sikumwalika mtu. Shangazi ndiye aliyetuma ujumbe Sapiwi, kwa furaha tupu, maana alikuwa na hasira na dini ya kaka yake, lakini kaka yake mwenyewe alimpenda.

Baba alikuja kwa baiskeli, amevaa koti lake la kuuzia pamba na kofia ya pama, na jogoo wa kumzawadia Mwalimu amening'inia miguu juu kwenye usukani. Nilishukuru alipokwenda kukaa benchi la nyuma. Wageni walikaa mbele, dada mmoja aliyeandika kila kitu na bwana mmoja wa makamo mwenye miwani, mpole kuliko tulivyotishwa. Tangu asubuhi nilikuwa nahangaika kubadili jina la ng'ombe. Nilijaribu kila jina nililolijua, na kila nililoweka liliua sentensi. Mwisho nikaliacha, nikijiambia kwamba baba hasikii vizuri Kiswahili cha kusomwa. Nilisoma vizuri. Watu walicheka nilipotaka wacheke. Nikafika: Mashine ikaandika, Minza. Nikasikia benchi la nyuma linalia. Baba alikuwa amesimama. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akaitika, "Mayu." Wala hakupaza sauti. Kwetu jina la mzazi aliyekufa likitajwa mbele ya watu, mwanawe hawezi kuendelea kukaa kama vile limetajwa jina la duka. Lakini ukumbi wa mjini ulidhani ni mzee mcheshi, ukacheka kwa nguvu, na Deus akapiga mluzi. Mimi nikasoma mpaka mwisho bila kuinua macho.

Makofi yalipotulia yule bwana mwenye miwani aligeuka kwenye kiti. "Samahani, mzee wangu. Shikamoo. Nimeona umeitika. Huyu ng'ombe yupo kwenu?" Aliuliza kwa heshima, na sijawahi kumlaumu. Baba alisimama tena. Niliona anaanza kutabasamu, kama mtu yeyote aliyeulizwa hali ya mama yake, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kujibu. Ndipo akaniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila najua nilichokuwa namwomba. "Yaya," akasema, kisha akakumbuka kusema kwa Kiswahili. "Hapana. Hayupo. Hiyo kaitunga mtoto mwenyewe."

"Lakini ulivua kofia, mzee."

"Joto," akasema baba.

Ukumbi ukacheka tena, na bwana yule akacheka nao. "Sisi ni wakulima wa pamba tu," baba akaendelea, kwa kile Kiswahili chake cha mnadani. "Ng'ombe ni ng'ombe. Huyu mtoto ndiye ana kichwa." Akakaa, akaiweka kofia magotini, hakuivaa tena. Shangazi Kwandu, ambaye tangu nizaliwe alikuwa akimwombea kaka yake aseme maneno yale, hakuonekana kufurahi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mwalimu Zena alijishughulisha kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Walipotaja jina langu kuwa ndiye wa kwenda Dar, nilipiga magoti mbele ya wageni kushukuru, nikapiga picha nao, na Mwalimu akanisogelea sikioni. "Mpelekee baba yako soda," akasema. Alikuwa ameelewa yote, na hakuwahi kulitaja tena hadi anaondoka Bariadi.

Jioni ile nilikwenda na baba Sapiwi kuaga, nimekaa nyuma ya baiskeli na viatu nilivyoazimwa na Shangazi. Njia nzima nilitunga la kusema. Kila penye kilima tuliteremka tukatembea, na kila tulipotembea nikajiambia, hapa. Baba ndiye aliyeongea. "Umesoma vizuri, ng'wanawane, mwanangu. Hukukwama hata mahali pamoja." Nikasema wabeja, asante. Akauliza kama Dar kuna joto kweli. Akasema yule bwana wa miwani amelelewa. Akasema nisisahau kumwambia Mwalimu wangu kwamba yule jogoo ni mzee, asimkaange, amchemshe. Sikumsikia akilalamika, na mimi nikauchukua ukimya wake juu ya ng'ombe kama msamaha, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuuchukua.

Ng'ombe walikuwa wanaingia tulipofika. Mama alitoka na vigelegele, maana habari ilikuwa imeshatutangulia kwa watu wa mnadani, lakini baba hakuingia ndani. Aliagiza kibuyu cha maji na unga wa mtama. Kazi ya kushika kibuyu kile ni ya mwenye jina. Niliifanya tangu mikono yangu ilipoweza kukibeba. Hakuniita. Alikoroga unga mwenyewe, akasimama mbele ya yule ng'ombe mzee, kichwa wazi, na kaka zangu, waliokuwa wanafunga lango, wakaacha walichokuwa wakifanya. Alisema kwa Kisukuma, bila kushusha sauti. "Mama, leo nimekukana. Wameniuliza kama upo, nikasema haupo. Nimesema mbele ya watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu." Akatia maji kinywani, akayapuliza chini kwenye kwato. Ng'ombe alitikisa masikio kufukuza nzi. "Wajina wako anakwenda mbali, kwa watu wasiokujua. Nenda naye hivyohivyo. Usimkasirikie. Aliyesema ni mimi. Mtoto hakusema neno."

Nilikuwa langoni, karibu kabisa, na viatu vya Shangazi vimezama kwenye samadi. Kaka zangu waligeuka wakanitazama, wakisubiri nisogee kushika kibuyu. Baba naye alisubiri kidogo, kibuyu kikiwa bado mkononi mwake, kisha akamwaga maji yaliyobaki, akavaa kofia, akaenda ndani kula.